Simu Ilisema Duara Liko Wazi

Miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani, kikundi cha wachimbaji wadogo wa kijiji cha Nyakunguru kiliniomba nikitengenezee mfumo wa simu. Msimamizi angefungua ukurasa wa duara lake, yaani shimo analochimba, aone kama liko wazi au limefungwa kwa sababu ya maji.

Nilifanya kazi hiyo na dada mmoja niliyesoma naye chuo. Alipoona nimeandika anwani za kurasa za maduara yote ndani ya programu ya simu, alitikisa kichwa.

"Simu ijue mlango mmoja tu," alisema. "Kila jibu la seva, ile kompyuta yenye taarifa zote, lije na viungo vya hatua zinazofuata. Duara likifungwa, kiungo cha kushuka kisije kabisa. Hata ukipangua kila kitu kwenye seva, simu itafuata."

"Hayo ni ya vitabuni," nikamjibu. "Watu wanataka mfumo kesho."

Masika yalipoanza, duara moja liligawanywa mawili. Nikayapa anwani mpya, na ile ya zamani nikasahau kuifuta. Maji yalipoingia, taarifa ya kufungwa iliandikwa kwenye anwani mpya, lakini simu hazikujua. Ziliendelea kuuliza palepale, na jibu la pale lilikuwa lilelile la kiangazi: wazi.

Msimamizi wa duara hilo, mzee aliyeacha mihogo yake kijijini Susuni akaja kuchimba, alitazama simu asubuhi, akashuka. Udongo ulikuwa umelowa, matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yakaachia. Walimtoa hai, lakini mguu wa kulia ulikuwa umesagika. Hospitali wakaukata.

Nilimfuata Susuni. Alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiyo."

"Mimi sikuwa mbishi. Nilitazama kwanza, kama mlivyotufundisha."

Afadhali angenitukana. Nilimweleza kwamba kosa halikuwa la mtandao wala la mvua, lilikuwa langu, na kwamba nilionywa nikapuuza. Akamwita mkewe aniletee uji. Niliunywa kwa shida, macho chini.

Niliporudi Tarime mjini, ninakoishi, niliuandika mfumo upya, vilevile kama mwenzangu alivyosema. Ilinichukua wiki mbili. Wiki mbili tu ndizo nilizokuwa nimezikwepa.

Nikampigia kumwambia. Hakunilaumu. Aliuliza tu mzee atalimaje msimu ukifika.