Rimoti Mkononi Siku ya Ruracio

Kama uko kwa group yoyote ya Embu, ile video umeiona. Mwanaume wa suti amepiga magoti kwa nyasi, rimoti mkononi, mbele yake wanawake wamepangwa mstari, wamefunikwa leso mpaka vidole vya miguu.

Yule ni mimi. Naitwa Mutembei, kwetu ni Kaaga, Meru, na sikuwa nimelewa vile mnaandika huko chini.

Wacha niwaeleze.

Mimi hutengeneza gari ndogo za rimoti. Si zile za kununua supermarket. Bodi nakata kwa jerikeni la mafuta ya kupika, magurudumu nachonga kwa slipas, mota natoa kwa drili iliyokufa. Jumamosi tunakutana watu wa Meru na Embu pale Kianjai, tunapanga tairi mbovu za pikipiki ziwe kona, halafu tunatimuliana vumbi.

Huko ndiko nilimpata Wambeti, msichana wa Manyatta, Embu. Alinipita kona ya mwisho, gari yangu ikapinduka, akacheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda hapo hapo.

Shida ilikuwa shangazi yake, Tata Peninah, aliyemlea. Neno lake kwa hiyo boma halirudishwi. Alipoambiwa mchumba anacheza na gari, alishika kiuno akauliza kama Meru wanaume wazima wameisha. Tangu siku hiyo, kila nikienda huko lazima anitupie maneno.

Basi, siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, ikafika. Tulienda na wazee wetu, mbuzi na soda. Gari zangu zote zilikuwa kwa buti, maana Wambeti aliniambia nizilete, jioni tucheze na binamu zake.

Si mnajua hii desturi? Bibi harusi anafichwa katikati ya wanawake wengine, wote wamefunikwa leso, na wewe unaambiwa umtoe mtu wako. Ukikosea, kuna faini.

Tata Peninah akasimama, akasema faini ya leo anaiweka yeye.

"Ukikosea, hizo gari zako zote zinabaki hapa kwangu," akasema. "Ukipata, sitazitaja tena."

Akaingia ndani kusaidia kufunika wasichana. Zile gari nimezijenga miaka, buda. Kuna moja nyekundu ambayo sijawahi kumpa hata ndugu yangu aishike.

Wakatolewa nje. Nikapita mbele yao, nikarudi, nikapita tena. Walikuwa wamefundishwa, wamekaa kimya, urefu karibu ni mmoja. Wazee wa kwetu wakaanza kukohoa.

Hapo ndipo akili ikanijia.

Mtu wa gari za rimoti ana ugonjwa mmoja. Gari ikikata kona, mwili wake nao unakata kona. Hata kama rimoti haiko kwake, ataegemea tu. Huwezi kujizuia, ni kama miayo. Na leso ni nyepesi, ukiwa ndani unaona nje kidogo.

Nikamuuliza Mzee Njagi, msemaji wao, kama kuna sheria inakataza gari. Akafikiria, akasema hajawahi kuisikia.

Nikatoa ile nyekundu. Nikapiga magoti, nikaipitisha mbele ya mstari kwa spidi, nikaikata kushoto karibu na sufuria ya njahi.

Leso moja ikaegemea kushoto.

Nikaikata kulia. Leso ikaja kulia, tena na bega lote. Wengine wamesimama tu.

Nilisikia furaha imenijaa mpaka kwa masikio. Nilikimbia na suti yangu. "Huyu ndiye wangu," nikasema, nikafunua.

Alikuwa Tata Peninah.

Baba yangu alijifunika uso na kofia. Leso ya kando ikaanza kutetemeka kwa kicheko, na huyo sasa ndiye alikuwa Wambeti. Kumbe aliposikia mota alidhani nimechizi, akafumba macho akaanza kuniombea. Gari hata hakuiona.

Lakini mimi nilikuwa nimebaki na swali moja.

"Tata, hiyo kona umejifunzia wapi?"

Akatazama chini. Wambeti akaacha kucheka. Kwa muda mrefu alikuwa akirudi kutoka kazini anapata betri za gari yake zimeisha, na alikuwa ameshalaumu chaja, panya na stima.

"Ya Wambeti iko polepole," Tata akasema. "Nilikuwa nataka hiyo yako nyekundu."

Ndiyo maana aliweka hiyo faini. Ndiyo maana alijifunika leso yeye mwenyewe, akijua macho yangu yatachanganyikiwa. Na haki ni haki, nilikosea. Gari zote zilibaki Manyatta.

Bibi nilipewa, msijali. Siku hizi kila Jumamosi tunaenda kwa Tata, naomba gari zangu kwa heshima, na mara nyingi ananipatia ile ya kijani isiyokata kona.

Funzo ni hili. Mtu akitukana kitu unachopenda kila siku bila kuchoka, muulize polepole kama angependa kujaribu. Mimi ningeuliza mapema, saa hii ningekuwa nimebaki hata na moja.