Soksi za Bwana Detlef

Harufu ndiyo iliyompokea Zenzi asubuhi ile. Alikuwa anashuka ngazi amemshika mkono binti yake Vroni, wa miaka minne, na hajafika hata katikati akajua kwamba wageni wameanika tena soksi zao juu ya jiko la vigae, pale pale anapoanika nguo za mtoto.

Zilikuwa nane, zimening'inia kama samaki wa kukausha. Moja ilikuwa inadondosha maji ya kijivu kwenye fulana ya Vroni.

"Mama, kuna panya kafa?"

"Hapana, mwanangu. Ni miguu ya wageni."

Mama mkwe wake, Filomena, alikuwa anakata mkate. Hakugeuka. "Zenzi, Bwana Detlef huu ni msimu wake wa kumi na moja hapa. Wakihama hawa wanne, nyumba hii ya wageni tunaifunga. Nyamaza."

"Mimi nimesema neno gani, Mama?"

"Pua yako imesema."

Zenzi alizaliwa hapo hapo kijijini Lahnegg, nyuma ya kanisa, na alijua kuteleza kwenye theluji kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipoolewa na Alban, dereva wa mtambo wa kusawazisha njia za theluji, maisha yake yakawa mashuka, supu na viatu vya watu. Wageni wanaojifunza kuteleza aliwapenda. Huanguka, hucheka, hunywa chokoleti ya moto wakalala mapema. Waliomtia kinyaa ni hawa mabingwa. Wanaacha nywele kwenye beseni, wanafuta mafuta ya nyama kwenye pazia, wanatema mate kwenye theluji ya mlangoni inayochezewa na mtoto. Kibao cha kukataza njia, kwao, kimewekwa kwa ajili ya watu wengine.

Wageni walipokaa kunywa kahawa, Bwana Detlef alijinyoosha mpaka kiti kikalia. Vipande vya yai vilikuwa vimenasa kwenye ndevu zake.

"Mama Vroni, hongera yetu iko wapi? Jana tumeshuka pale ambapo hata ninyi wenyeji mnaogopa. Theluji mpya, miti kushoto, miti kulia, fyuu! Mtoto hawezi pale."

"Miti gani?" Zenzi aliuliza.

"Ile midogo midogo, juu ya nyumba yenu."

Wenzake watatu wakacheka. Kisu cha Filomena kikasimama katikati ya mkate.

Juu ya nyumba yao kuna Msitu Mwiko. Lahnegg hakuna anayekata fimbo humo, wala anayepita na mbao za kutelezea, kwa sababu miti ile ndiyo inayoizuia theluji isiporomokee kijiji. Sehemu moja iliwahi kufagiliwa na poromoko la theluji, na mpaka leo wanaipanda miti upya. Kila mtoto anayezaliwa hupandiwa msonobari wake pale, na kila mwaka theluji ikiyeyuka anapelekwa kuufunga kileleni uzi wa sufu uliofumuliwa kwenye blanketi lake la uchanga. Uzi wa Vroni ni wa manjano.

Zenzi alitoka, akaingia chumba cha kuwekea mbao za kutelezea. Mbao za Bwana Detlef zilikuwa zimeegemea ukuta, kingo zake za chuma zimenolewa zikang'aa. Kwenye kishikio cha kisigino palikuwa pamenasa kitu cha kijani. Akakichomoa. Kilikuwa kilele cha msonobari, kirefu kama kidole, kimekatwa kama kwa wembe. Kilikuwa na uzi wa manjano.

Akakifumba mkononi. Alijichukia hata yeye, kwa miaka yote aliyokuwa akifua soksi zile huku anatabasamu.

Akarudi, akakiweka juu ya sahani ya Bwana Detlef.

"Nini hiki?"

"Mti wa mwanangu."

Bwana Detlef alikiinua kwa vidole viwili, akachokonoa nacho jino, akacheka. "Basi nitawaletea mwingine. Kwetu huuzwa kwenye ndoo."

Zenzi alimtazama mama mkwe wake. Kama bibi angesema nyamaza, angenyamaza. Nyumba ilikuwa ya Filomena.

Filomena aliweka kisu chini. Yeye alikuwa na miaka saba siku ile theluji ilipoufagia mteremko, ikamchukua kaka yake Korbinian zizini pamoja na ng'ombe. Alikwenda jikoni, akazishusha soksi zote nane, mbichi vilevile, akamtupia Bwana Detlef mapajani.

"Fungasheni."

"Bibi Filomena! Miaka kumi na moja!"

"Ndiyo inayonitia kichefuchefu. Na msihangaike kubisha hodi kwingine. Leo nyumba zote za Lahnegg zimejaa."

Walipoondoka, Zenzi alisugua fito za kuanikia juu ya jiko kwa siki, mara mbili, mara tatu. Harufu ilibaki. Alban aliporudi mchana alikiangalia kile kilele, akasema tawi la pembeni huweza kusimama likawa shina, ila mti utakua na kibyongo.

Vroni alikuwa chini ya meza, anakifunika kwa fulana yake.

"Kinalala," alisema. "Mama, kikiamka tutakirudisha?"

Zenzi aliendelea kusugua.