Nilivyokata kitenge cha kina mama wa parokia kichwa chini, Lubumbashi

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Hii sikusimuliwa, mkasi niliushika mimi mwenyewe. Mkitaka kucheka chekeni, ila mafundi wenzangu msome hadi chini.

Ni miaka ile Zaire inaelekea ukingoni. Migodi imekwama, mishahara haitoki, maduka ya mjini yameporwa hadi rafu. Kitenge kipya ukikiona ni bahati.

Mimi nilikuwa mkataji kwenye atelier, yaani karakana ya ushonaji, ya Mama Régine, kule mtaa wa Kampemba. Cherehani sita. Mume wake alikuwa wa mgodini, miezi haoni mshahara. Zile cherehani ndizo zilizolisha nyumba yake na za mafundi wote.

Kina mama wa parokia wakaleta kazi. Watu thelathini, kila mmoja libaya, yaani blauzi yetu ya kitenge, ya kuvaa sikukuu ya Bikira Maria. Kitenge walikinunua zamani, kabla ya uporaji, wakakificha chini ya kitanda cha mwenyekiti wao. Kingine kama hicho hakipo mji mzima.

Nikapima. Hesabu ya kawaida ikatoa ishirini na sita.

Mama Régine akasema tuwaambie ukweli, wanne wakose. Mimi na kiburi changu nikakataa. Nikamwambia anipe asubuhi moja, zitatoka thelathini.

Mbinu naijua. Patroni moja, ile karatasi ya kufuatisha unapokata, unailaza kichwa juu, ya pili kichwa chini, bega la huyu linaingia kwenye kiuno cha yule. Kitambaa hakipotei hata kidogo.

Tena mimi huchora chaki upande wa nyuma, ili usoni pasichafuke. Na kitenge kile kilichapwa picha upande mmoja tu. Mnaona ninakoelekea?

Nikakata tabaka zote. Thelathini kamili, vipande vya kubaki havijai kofia. Nikajisifu mchana kutwa.

Kesho yake fundi mmoja akaniita, sauti ya chini kabisa. Ameshikilia libaya ya kwanza aliyomaliza. Kifuani, ndani ya duara, Mama Maria miguu juu, kichwa chini.

Tukageuza vipande vyote. Kumi na tano wima, kumi na tano vimepinduka.

Wakuu, nilikaa chini sakafuni. Kitenge kingine hakuna. Hawa mama wakikataa, habari itafika hadi mtaa wa Ruashi kabla ya jioni, na nani ataleta tena kazi kwa Mama Régine?

Yeye hakupiga kelele. Alisema tu:

"Ulikata weye, utabapelekea weye."

Tukamaliza kushona zote, nikazibeba hadi parokiani. Nikaeleza bila kuficha, kwamba niliambiwa ishirini na sita nikang'ang'ania thelathini. Wawili wakakataa katakata, hawawezi kumvaa Mama wa Mungu hivyo. Haki yao, sikubishana.

Wengine wakawa wanamtazama Mama Anastasie. Huyu ni muuza unga, ulimi wake mkali, soko zima linamwogopa. Wanawe wawili walivuka mpaka wa Kipushi kwenda Zambia kutafuta kazi, na tangu hapo hakuna barua wala salamu. Nikajua leo nimekwisha.

Akachukua moja ya zile zilizopinduka, akaivaa juu ya nguo yake. Akainamisha kichwa, akaangalia kifua chake.

"Angalieni. Mi nikiinama, ye anaangalia mi. Siku hizi ni mi njo niko na lazima na ye, hapana bantu ba ku njia." Yaani anayemhitaji Mama Maria ni yeye mvaaji, si watu wa njiani.

Mwenzake akanyoosha mkono akachukua yake. Halafu mwingine. Zikachukuliwa, zikabaki mbili tu, za wale waliokataa.

Nililia pale pale, mwanaume mzima, na sioni haya kuandika.

Kazi ya Mama Régine haikufa. Lakini mafundi, msijidanganye kwamba mbinu yangu ilifaulu. Niliokolewa na huruma, na huruma haipimwi kwa mita.

Kitambaa kifungue chote, kitazame usoni kabla ya hesabu. Kikiwa na kichwa na miguu, patroni zote zielekee upande mmoja. Kikitosha ishirini na sita, ni ishirini na sita, na mteja aambiwe kabla mkasi haujagusa kitu.

Haya, nani mwingine humu aliwahi kukata akajuta? Nanyi mama zangu, mngeivaa au mngenirudishia usoni? Semeni bila kunionea huruma, ile ya kwanza inanitosha.