Magitaa Nyumbani kwa Gakenia

Kwa miaka mingi Gakenia, fundi cherehani wa Emali, alivumilia magitaa ya mumewe Ngure, mpenzi sugu wa bendi za roki za miaka ya sabini. Redio kaseti ya Ngure ilipokufa, Gakenia alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha mjukuu wao Mukami akaja likizo na spika yake, na magitaa yale yale yakanguruma sebuleni.

"Cucu, umewahi kuwasikia hawa?" Mukami akamuuliza bibi yake.

"Kuwasikia? Mama yako alizaliwa akawakuta humu ndani!"

Ngure akatoka chumbani mbio na kuongeza sauti. Gakenia akaburuta cherehani hadi verandani, akabamiza mlango. Msichana aliyekuja kuchukua sketi yake akatega sikio.

"Mama, si ufungue mlango kidogo? Huo wimbo ni mtamu."

Gakenia akasonya, akamrushia sketi.