Injini ya Trekta na Msuli Wangu

Zamani hizo za Mwingereza, Temeke ilikuwa mikorosho na vibanda. Mie na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulipewa kazi ya kutoa injini ya trekta bovu lililotoka shamba la mkonge. Vifaa vyenyewe spana chache, nyundo, kapi moja na kamba ya katani. Suruali nilikuwa nayo moja tu, nikaionea huruma kwa ile grisi, nikajifunga msuli. Ubahili wangu huo!

Tukasimamisha magogo matatu juu ya trekta, tukatundika kapi. Injini tukaifunga kamba, kamba ikapita kwenye kapi na kuzungushwa kwenye shina la mkorosho, ncha nikaishika mie. Shemeji akalala chali chini ya injini afungue nati ya mwisho. Ilipotoka tu, injini ikayumba, ikashuka mpaka kifuani mwake. Nikajitupa nyuma, nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote, ikasimama. Shemeji kabanwa, hawezi kutoka. Na msuli ukanivuka.

Lahaula! Wakati huohuo mama mkwe huyo anakuja, kapu la chakula kichwani. Yule mama, tangu nimuoe bintiye, nilikuwa nikimpisha njia, na shikamoo yangu naitoa macho chini. Aliponiona nilivyo akapiga ukelele, akajifunika kanga usoni, akageuka kurudi alikotoka. Ndivyo heshima ilivyotaka. Hata mie niliomba aende zake, ardhi ipasuke inimeze.

Lakini kamba ilikuwa inaniponyoka kidogo kidogo, viganja vinaungua, na shemeji alikuwa ameshaacha kunitukana.

"Mama!" nikapiga kelele. "Rudi! Mvute mwanao miguu!"

Akarudi. Kanga akaitoa usoni maana asingeona anapokwenda. Akanipita karibu kabisa, akamkamata mwanawe miguu, akamburuta mpaka nje. Hapo nikaiachia kamba, injini ikaanguka ikapasuka ubavu. Nikaokota msuli wangu, nikajificha nyuma ya trekta, nikalia kwa aibu, mtu mzima mie.

Shemeji alitoka na michubuko tu. Ijumaa iliyofuata mama mkwe akamtuma mke wangu: "Mwambie mumeo aje ale. Siku ile jua lilinipiga machoni, mie sikuona kitu."

Mungu amlipe yule mama. Sikwenda.