Kisu Nilichokichukua Kabla ya Ijumaa

Mwanangu, iko siku moja inayonijia kumbukumbuni kila nikimsikia mtu akilichafua jina la mwenzake. Keti nikusimulie, ya ujana hayafichwi milele.

Nilikuwa kibarua wa bandari hapa Mtwara, sijaoa, na kiburi kimenijaa. Kwenye picha za sinema nilikuwa nimeona kisu kipana, kirefu kama shubiri moja na nusu, ncha yake imekatwa kwa juu kama mdomo wa mwewe. Nikakitamani. Nikaenda Mpapura, kijijini kwetu, kwa Mzee Nanjota, mhunzi aliyefua majembe na visu vya karibu kila nyumba. Nikamchorea kisu changu mchangani. Alikitazama, akanipima kiganja kwa kamba, akaniuliza nakitaka cha kazi gani. Nikasema cha kazi zote. Kweli yenyewe, nilikitaka cha kuonwa.

Alikifua kwa springi ya gari kuukuu. Jumanne nilipokwenda kutazama, ubapa ulikuwa umekwisha kunyooka, na mpini wa mpingo uko pembeni, bado hajautia. Akanieleza kuwa chuma kimeshazimwa kwenye mafuta na sasa ni kigumu mno. Lazima kirudishwe kwenye moto wa taratibu kilegee kidogo, la sivyo kitavunjika kama kigae. "Njoo Ijumaa," alisema. Lakini kesho yake ilikuwa karamu ya vijana waliotoka jandoni, na kijiji kizima kingekuwepo. Nikambembeleza, nikamchosha, mpaka akautia mpini na kunikabidhi, huku akinionya nisikipige kwenye kitu kigumu.

Mbuzi walipochinjwa, nikakichomoa mbele za watu na kuupiga mfupa wa paja kwa nguvu zangu zote. Kisu kikavunjika katikati. Kipande kikaruka, kikampata binamu yangu Selemani juu ya jicho. Damu ikamfunika uso, na mama yake akakaa chini kama aliyekatwa miguu.

Watu wakauliza kulikoni. Mwanangu, ulimi wangu ulitangulia akili. Nikasema, "Mzee Nanjota amenipa chuma kibovu."

Selemani tulimkimbiza hospitali. Siku tatu alikaa na bandeji. Daktari alipoifungua na kusema jicho ni zima, kwamba ni nyusi tu iliyopasuka, nilitoka nje nikaegemea ukuta nikalia kwa shukrani. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Neno langu lilikuwa limezunguka kijiji. Msimu wa palizi ulikuwa umefika, watu walipaswa kujaa kwa Mzee Nanjota, lakini walikuwa wakienda kununua majembe ya dukani mjini. Mivukuto yake ya kupulizia moto ilinyamaza. Wala yeye mwenyewe hakutamka neno la kunijibu, na hicho kimya, nakwambia, kiliniuma kuliko matusi.

Aliyeniita ni Shangazi Somoe, dada wa baba yangu, aliyenilea. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mzee alikwambia ukakichukue lini?"

Nikasema Ijumaa.

"Wewe ulikichukua lini?"

Nikasema Jumanne. Akasema, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lingepona lenyewe. Hili nenda ukalitibu mbele ya watu wale wale uliowaambia."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao, nilisimama nikasema kila kitu: nilivyoambiwa nisubiri, nilivyong'ang'ania, nilivyosema uongo. Selemani alikuwa mbele kabisa, kovu lake bado bichi. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Twende kwa mzee." Tukaongozana, na watu sita saba nyuma yetu.

Mzee Nanjota alinisikiliza bila kunikatiza. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea.

"Upande wa pili kulikuwa na mtu mwenye bandeji jichoni," alijibu. "Nani angenisikiliza mimi? Tena na mimi nina kosa langu. Sikupaswa kukupa."

Akamwomba Selemani ainame, akaligusa kovu kwa kidole gumba, akashusha pumzi ndefu. Jirani mmoja pale pale akaagiza majembe mawili. Niliposikia mivukuto ikianza kuvuma tena, kitu kilichonibana kifua wiki zile zote kilifunguka, nikahema kama mtu aliyetua gunia la korosho baada ya mwendo mrefu.

Basi, mwanangu, shika maneno haya. Fundi akikwambia bado, ujue ni bado. Yeye anaona usichokiona. Mambo yakikuharibikia, kabla hujanyoosha kidole, jiulize mkono wako ulikuwa wapi. Mchuma janga hula na wa kwao, nami nilikaribia kumla binamu yangu jicho. Na ukimchafua mtu hadharani, usiende kumwomba radhi uchochoroni. Nenda huko huko hadharani. Utaona aibu, ndiyo. Lakini aibu ya kusema kweli ni ya saa moja, na baada yake utalala usingizi.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mzito wa kulaumu na miguu myepesi ya kwenda kupatana. Akuhifadhi wewe na walio wako, na jina lako litajwe kwa heri hata usipokuwepo. Amina.