Mama Kidole na bibi anayedai majibu

Saa mbili asubuhi. Mama Kidole anasimama kwenye ua wa nyumba ya mwisho mtaani, kisanduku cha baridi cha chanjo begani, kalamu ya wino wa zambarau mkononi. Mtoto wa nyumba hiyo anamnyooshea kidole ambacho tayari kina rangi.

Mama Kidole analowesha pamba, anasugua. Rangi yote inatoka. Wino wake yeye hautoki hata kwa sabuni.

"Nani kakupaka, mwanangu?"

"Bibi."

Bibi, anayemlea mtoto huyo, yuko kizingitini anachambua mboga. Anacheka bila aibu.

Jina la Mama Kidole limetoka kwa watoto: kila anayemdondoshea matone ya chanjo ya polio humpaka kidole wino, alama kwamba ameshachanjwa. Ana miaka mingi kwenye kazi hiyo, kwa posho ambayo nusu yake humezwa na nauli. Aliiingia kwa ajili ya kaka yake, fundi viatu, ambaye polio ilimwachia mguu wa kuburuta.

"Kandambili ya kulia inaisha, ya kushoto bado mpya," hutania kaka mtu. "Natafuta mwenzangu wa mguu wa pili tununue pamoja."

Watoto wa hapa hawaujui ugonjwa huo. Wataalamu wa mataifa walikaa, wakakubaliana, na vichupa vikafika hadi vichochoroni. Hilo walilifanya, tuliseme. Lakini wenye kumbukumbu tunayo na mengine.

Bibi anayo. Akiwa msichana, anasimulia, watafiti walikuja na magari meupe, wakamtoa damu yeye na nduguze, wakaahidi kuleta majibu. Mpaka leo.

"Damu yangu imefika nchi ambazo mimi sijakanyaga," anasema. "Sasa wanamtaka na mjukuu wangu?"

Wapo wahudumu ambao wangemtishia polisi. Mama Kidole anatua kisanduku, anakaa naye, anavuta fungu la mboga. Anakiri kwamba hapo walimdhulumu. Anamweleza kuwa leo hachukui kitu, analeta. Kisha anamsimulia habari za kaka yake.

"Fundi wa pale kituoni?" Bibi anatazama viatu vyake. "Hivi kanishonea yeye."

Anachambua majani mawili matatu.

"Haya, mpe. Ila majibu yangu bado nayataka."

Matone mawili, kidole kinapakwa, mtoto huyoo, anakwenda kuwaringia wenzake.

Mwezi ujao wataalamu wa shirika la kimataifa watatembelea zahanati. Viti vya mbele huwekewa wageni. Mama Kidole ameshaamua kimoja ni cha bibi.

"Nitawahi kumshikia," anasema, akijitwika kisanduku. "Wakiuliza huyu ni nani, atawajibu mwenyewe."